WIMBO WA TAIFA, MWANAMICHEZO NA MWANAJESHI: HISTORIA YA ISHARA YENYE MAANA MBILI KATIKA VIWANJA VYA MAREKANI

UTANGULIZI

Tarehe 1 Septemba 2016, katika mji wa San Diego nchini Marekani, wanaume wawili walikuwa bega kwa bega kando ya uwanja wakati wimbo wa taifa lao ulipokuwa ukiimbwa. Mmoja wao, Nate Boyer, askari wa zamani wa kikosi maalumu cha jeshi la nchi kavu, alisimama wima akiwa ameweka mkono wa kulia kifuani. Wa pili, Colin Kaepernick, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani katika timu ya San Francisco 49ers, alipiga goti moja. Watu hawa hawakuwa mahasimu. Walikuwa wamekutana siku hiyohiyo wakazungumza kwa kirefu, na lile goti lenyewe lilitokana na shauri la yule askari. Hata hivyo, mwaka mmoja baadaye goti hilo lilikuwa limekwisha kuhesabiwa na watu wengi kuwa ni tusi kwa kila mtu aliyepata kuvaa sare ya jeshi la Marekani.

Inakuwaje, basi, tendo lililobuniwa kwa shauri la mwanajeshi, kwa nia ya kutowaudhi wanajeshi, lipokewe kuwa ni dharau kwa wanajeshi? Wako wanaojibu kwamba ni fitina ya wanasiasa tu. Jibu hilo lina sehemu yake ya ukweli, lakini halitoshi, kwa kuwa fitina haishiki mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kushikia.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuirejea historia. Hoja yake ni kwamba uhusiano wa wimbo wa taifa na mwanajeshi katika uwanja wa michezo haukuwapo tangu asili. Ulifungwa kidogo kidogo, hasa katika miaka ya vita, na baadaye ukakazwa pia kwa fedha. Lakini fundo lililofungwa na wanadamu hubana kama fundo jingine lolote: mzazi aliyekabidhiwa bendera iliyofunika jeneza la mwanawe hawezi kuambiwa kwamba uchungu wake ni wa kubuni. Kwa upande wa pili, mwanamichezo Mweusi aliyekataa kusimama alikuwa na historia yake mwenyewe, na ndani ya historia hiyo mwanajeshi alikuwamo vilevile.

ISHARA NA MAANA YAKE

Yafaa kwanza kuitazama ishara yenyewe. Kwa msemaji wa Kiswahili, dai kwamba kupiga goti ni utovu wa heshima ni dai geni. Katika lugha hii mtu hupiga magoti anapoomba, anapotubu, anaposhukuru. Mkristo hupiga magoti kanisani. Mwislamu hushuka hata paji la uso likagusa ardhi. Neno "shikamoo" lenyewe, ambalo mdogo humwamkia mkubwa, huelezwa na wengi kuwa limetokana na kauli ya kushika miguu. Kwa Baganda, kupiga magoti mbele ya mkubwa ni katika adabu za kwanza anazofundishwa mtoto wa kike. Kwa jumla, kushusha mwili ni kumpandisha yule aliye mbele.

Lakini ishara ya mwili, kama neno, haina maana iliyofungamana nayo milele. Maana yake hutokana na mahali, wakati, na mazoea ya wanaoitazama. Kusimama mzee anapoingia barazani ni heshima. Kusimama katikati ya msikiti wakati wenzako wamesujudu ni jambo jingine kabisa. Kinachoonekana kuwa dharau ni ule utengano wa mmoja na wengi. Pale ambapo wote wamesimama, aliyepiga goti husomwa kuwa amekataa, hata kama goti kwa asili yake ni unyenyekevu.

Tena ishara yaweza kubadilika maana bila yenyewe kubadilika umbo. Kwa miaka mingi watoto wa shule nchini Marekani walipokuwa wakiiapia bendera utii waliinyoshea mkono wa kulia. Hawakuwa na ubaya wowote. Lakini Wanazi wa Ujerumani walipoeneza saluti yao, mkono ule ule wa mtoto wa Kimarekani ulianza kutazamwa kwa hofu, na mwezi wa Desemba 1942 Bunge la nchi hiyo liliuondoa na kuagiza mkono uwekwe kifuani. Kwa hiyo hata ishara inayodhaniwa leo kuwa ya tangu na tangu ina tarehe ya kuzaliwa, na tarehe hiyo ni ya wakati wa vita.

WIMBO ULIVYOINGIA UWANJANI

Wimbo wa taifa wa Marekani ni wimbo wa vita kwa chimbuko lake. Maneno yake yalitungwa mwezi wa Septemba 1814 na mwanasheria Francis Scott Key, aliyeishuhudia ngome ya McHenry, karibu na Baltimore, ikipigwa mizinga na manowari za Waingereza. Lahani yake ilitoka kwa Waingereza haohao, katika wimbo wa chama cha starehe cha London. Key alikuwa na watumwa wake, na ubeti wa tatu wa utungo huo, ambao hauimbwi viwanjani, unamtaja mtumwa pamoja na askari wa kukodiwa katika orodha ya walioshindwa. Katika vita hivyo watumwa waliotoroka mabwana zao walipewa ahadi ya uhuru na Waingereza, na baadhi yao wakapigana upande wao. Wataalamu wamebishana juu ya maana ya ubeti huo. Lisilobishaniwa ni kwamba mwaka ulipotungwa wimbo wa nchi ya watu huru, watu Weusi wengi wa nchi hiyo walikuwa mali ya wengine.

Kwa zaidi ya miaka 100 wimbo huu haukuwa wimbo rasmi wa taifa. Ulitumiwa na majeshi, na mwaka 1916 Rais Woodrow Wilson aliagiza upigwe katika hafla za kijeshi. Bunge halikuufanya wimbo wa taifa kwa sheria hadi tarehe 3 Machi 1931. Kabla ya hapo ulikuwa umekwisha kuingia uwanjani.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la tarehe 5 Septemba 1918 mjini Chicago, katika mchezo wa kwanza wa fainali za besiboli kati ya Chicago Cubs na Boston Red Sox. Marekani ilikuwa imo vitani Ulaya. Siku moja tu kabla yake, bomu lilikuwa limelipuka katika jengo la serikali ya shirikisho mjini humo na kuua watu wanne. Watazamaji walikuwa wamenyamaa. Katika mapumziko ya kipindi cha saba bendi iliupiga wimbo huo, na Fred Thomas, mchezaji wa Boston aliyekuwa likizoni kutoka jeshi la majini, akaigeukia bendera na kupiga saluti. Wachezaji wengine wakafuata, watazamaji wakaanza kuimba, na ulipomalizika uwanja ukalipuka kwa vifijo. Wenye timu waliona athari yake. Mashindano yalipohamia Boston, wimbo ulipigwa kabla ya mchezo kuanza. Ulikuwa umepata kupigwa viwanjani hata kabla ya mwaka huo, lakini kwa nadra na bila ya kanuni. Tangu siku ile ulikuwa na mahali pake, na aliyeupa mahali hapo alikuwa mchezaji aliyekuwa pia mwanajeshi.

Vita Vikuu vya Pili viliifanya nadra kuwa desturi. Wimbo ukawa unapigwa kabla ya kila mchezo, na mwezi wa Juni 1942 Bunge likapitisha kanuni za bendera zinazoeleza namna raia anavyopasika kusimama. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Elmer Layden, aliyekuwa mkuu wa NFL, yaani ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, alisisitiza kwamba desturi hiyo isiachwe kwa sababu tu vita vimekwisha. Haikuachwa. Kilichoanzishwa na dharura kikabaki baada ya dharura kuondoka, kama ilivyo kawaida ya mambo mengi ya vita.

Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 na vita vya Afghanistan na Iraki vilivyofuata, fundo lilikazwa zaidi. Bendera zilizofunika uwanja mzima, ndege za kivita zilizopita juu, na askari waliorejea kwa ghafla kukumbatiwa na jamaa zao mbele ya kamera zikawa ni sehemu ya kawaida ya mchezo. Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba hadi mwaka 2009, katika mechi za NFL zilizotangazwa na televisheni wakati wa usiku, wachezaji kwa kawaida walibaki katika vyumba vyao wimbo ulipokuwa ukiimbwa. Hakuna aliyewaambia kwamba wamewadharau wanajeshi. Walipoanza kuwekwa uwanjani ndipo kusimama kwao kulipopata maana, na ndipo kutosimama kulipowezekana.

Tena liko suala la fedha. Mwezi wa Novemba 2015 maseneta wawili, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Wizara ya Ulinzi ilikuwa imezilipa timu za michezo mbalimbali dola milioni 6.8 kwa maonyesho ya kuwaenzi wanajeshi: kukunjua bendera, kuwatambulisha askari uwanjani, kuimba nyimbo za uzalendo. Watazamaji waliopiga makofi walidhani kwamba timu zilifanya hayo kwa hiari. Mwezi wa Mei 2016 NFL ilirudisha serikalini dola 723,734. Yapasa kuzingatiwa kwamba McCain hakuwa mtu wa kudharau jeshi. Alikuwa rubani wa jeshi la majini na alikaa kifungoni Vietnam kwa zaidi ya miaka mitano. Kilichomchoma ni kuona heshima aliyoijua thamani yake ikiwekewa bei. Miezi mitatu baada ya fedha hizo kurudishwa, Kaepernick alionekana ameketi.

MWANAJESHI MWEUSI

Mjadala wa miaka ya karibuni ulizungumza mara nyingi kana kwamba mwanajeshi yuko upande mmoja na Mmarekani Mweusi yuko upande wa pili. Historia haikubali mgawanyo huo.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza mamia ya maelfu ya Wamarekani Weusi walitumikia jeshi lililowatenga na wenzao Weupe. Waliporudi, kiangazi cha mwaka 1919 kilishuhudia mashambulio dhidi ya watu Weusi katika miji mingi, na miongoni mwa waliouawa wamo waliokuwa wamevaa sare. Yalijirudia hayo baada ya vita vya pili. Mwezi wa Februari 1946, Isaac Woodard, sajini aliyekuwa ameachishwa jeshi kwa heshima saa chache tu zilizopita, alipigwa na polisi katika jimbo la South Carolina akiwa bado ndani ya sare yake, akapofuka macho yote mawili. Mkuu wa polisi aliyeshtakiwa kwa jambo hilo aliachiliwa na baraza la waamuzi Weupe watupu. Mwaka 1948 Rais Harry Truman aliagiza ubaguzi ukomeshwe jeshini.

Maisha ya Jackie Robinson yanayakusanya yote haya katika mtu mmoja. Mwaka 1944, akiwa luteni wa jeshi katika kambi iliyokuwa Texas, alikataa amri ya dereva ya kuhamia viti vya nyuma vya basi la kijeshi. Alifikishwa mbele ya mahakama ya jeshi, akaonekana hana hatia. Miaka mitatu baadaye alikuwa Mweusi wa kwanza katika karne ya 20 kucheza besiboli ya ligi kuu, na kwa miaka kumi alisimama kila siku wimbo wa taifa ulipoimbwa. Mwaka 1972, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka wakati wa kufa kwake, aliandika kwamba hawezi tena kusimama na kuuimba wimbo huo wala kuisalimu bendera, kwa kuwa alijijua kuwa ni mtu Mweusi katika ulimwengu wa Weupe. Aliyeandika hivyo alikuwa afisa wa zamani wa jeshi. Ikiwa kutosimama ni kumtukana mwanajeshi, basi Robinson alijitukana mwenyewe.

MEXICO NA MUNICH

Mwaka 1967 Muhammad Ali alikataa kuandikishwa jeshini kwenda Vietnam, akavuliwa ubingwa wa ngumi na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano. Hakufungwa, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu iliitangua hukumu hiyo. Kosa lake lilihusu jeshi moja kwa moja, wala halikuhusu wimbo. Wanamichezo wa mwaka uliofuata walifanya kinyume: tendo lao lilihusu wimbo na bendera, wala halikutaja jeshi.

Tarehe 16 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Tommie Smith na John Carlos walipanda jukwaa la washindi wa mbio za mita 200 bila viatu, na wimbo wa taifa lao ulipopigwa wakainamisha vichwa na kuinua juu ngumi zilizovikwa glavu nyeusi. Mwaustralia Peter Norman, aliyekuwa wa pili, alivaa kifuani beji ileile waliyoivaa wao, ya harakati ya kutetea haki za binadamu iliyoongozwa na mwanasosholojia Harry Edwards. Hapakutamkwa neno lolote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wawili hao waliondolewa katika timu na kurudishwa kwao.

Munich, mwaka 1972, ndipo historia hii ilipoigusa Kenya. Tarehe 7 Septemba Vincent Matthews na Wayne Collett wa Marekani walikuwa wa kwanza na wa pili katika mbio za mita 400. Wa tatu alikuwa Julius Sang wa Kenya. Wimbo wa Marekani ulipoanza, Collett alipanda ngazi ya juu akajiunga na Matthews, nao wakasimama kwa kulegea, wakizungumza, bila kuitazama bendera. Hawakuinua ngumi, hawakupiga goti. Mtu angeweza kusema kwamba hawakufanya kitu, na kutofanya kitu ndiko kulikohesabiwa kuwa kosa. Siku mbili kabla yake wanamichezo wa Israeli walikuwa wametekwa nyara, nao na makocha wao wakauawa, na michezo ilikuwa katika matanga. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwapiga marufuku wote wawili wasishiriki tena.

Kwa kuwa mkimbiaji wao mwingine, John Smith, alikuwa ameumia mguu, Wamarekani hawakuweza kupata watu wanne wa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Tarehe 10 Septemba, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang waliipatia Kenya nishani ya dhahabu kwa muda wa dakika 2 na sekunde 59.8. Hili halipunguzi sifa ya vijana hao wanne. Miaka minne kabla yake Kenya ilikuwa ya pili katika mbio hizo, nyuma ya Wamarekani hao, na hakuna awezaye kusema kwa hakika nani angeshinda Munich. Lakini ni haki nishani hiyo isimuliwe pamoja na kisa chake. Siku ile wimbo wa Kenya ulipigwa, na waliokuwa wakitarajiwa kushindana na Wakenya walikuwa wamefukuzwa kwa namna walivyosimama wakati wa wimbo mwingine. Marufuku yao iliondolewa mwezi wa Desemba 2022, Collett akiwa amekwisha kufariki miaka kumi na miwili iliyopita.

KUTOKA SALA HADI GOTI

Mwaka 1996 suala lilizuka upya katika mpira wa kikapu. Mahmoud Abdul-Rauf wa Denver Nuggets, Mwislamu aliyesilimu mwaka 1991, alikuwa kwa miezi kadhaa akikaa au akibaki ndani wakati wa wimbo, akieleza kwamba bendera hiyo kwake ilikuwa alama ya dhuluma na kwamba dini yake haimruhusu kuitukuza. Tarehe 12 Machi ligi yake ilimsimamisha bila malipo, kwa kuwa kanuni zake ziliwataka wachezaji wasimame kwa adabu. Baada ya mchezo mmoja mapatano yalifikiwa: atasimama, lakini atainamisha kichwa na kuomba dua kimya kimya kwa ajili ya wote wanaoteseka. Mwili wake ulitii kanuni na moyo wake ukasema yake. Hata hivyo mapatano hayo hayakumwokoa. Aliuzwa kwa timu nyingine mwaka huohuo, na kabla ya miaka mingi kupita hakuwa na nafasi katika ligi.

Kisa cha Carlos Delgado, mchezaji wa besiboli kutoka Puerto Rico, kinasaidia kupambanua jambo. Mwaka 2004 alikataa kutoka nje wakati wa wimbo wa kizalendo uliokuwa ukiimbwa katikati ya michezo tangu mwaka 2001. Sababu yake ilikuwa vita vya Iraki, pamoja na mazoezi ya mabomu yaliyofanywa kwa miaka mingi na jeshi la majini katika kisiwa cha Vieques. Huyu kweli alipinga vita, na alisema hivyo waziwazi. Hata kwake, kupinga vita hakukuwa kumchukia anayetumwa vitani.

Kaepernick hakupinga vita wala jeshi. Mwezi wa Agosti 2016, baada ya watu kugundua kwamba ameketi, alieleza kwamba hawezi kuionea fahari bendera ya nchi inayowaonea watu Weusi, akataja mauaji yaliyofanywa na polisi, na akasema kwamba anawaheshimu sana waliopigania nchi hiyo. Ndipo Boyer alipomwandikia barua ya wazi katika gazeti la wanajeshi. Aliuma na kuhurumia katika barua hiyohiyo: alikiri kwamba aliudhika, akataka kusikia. Walipokutana, Boyer alimwambia kwamba kuketi ni kujitenga na wenzake, na kwamba askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao aliyeanguka. Hivyo goti likachaguliwa, na usiku wake likapigwa katika mchezo ambao wenyeji walikuwa wameutenga mahususi kwa kuwaenzi wanajeshi.

Hapo ndipo linapoonekana tatizo la ishara. Boyer na Kaepernick waliiokota katika msamiati wa makaburi ya askari. Watazamaji wengi waliisoma kwa msamiati wa uwanja, ambao kwa miaka 98, tangu saluti ya Fred Thomas, ulikuwa umewafundisha kwamba wimbo huu ni wa askari. Tarehe 22 Septemba 2017 Rais Donald Trump, akihutubia Alabama, aliwatukana wachezaji waliopiga goti na kuwataka wenye timu wawafukuze. Jumapili iliyofuata zaidi ya wachezaji 200 walipiga goti au kuketi.

Siku hiyohiyo, mjini Chicago, Alejandro Villanueva wa Pittsburgh Steelers, aliyekuwa kapteni wa jeshi na kupigana Afghanistan, alionekana peke yake kwenye mlango wa uwanja, mkono kifuani, wenzake wakiwa wamebaki ndani kwa mapatano. Taifa lilimfanya shujaa kwa siku moja. Kesho yake alisema kwamba ana aibu kwa kuwafanya wenzake waonekane wabaya, na kwamba hakukusudia kujitenga nao. Na jina la Pat Tillman, mchezaji aliyeacha kandanda akajiunga na jeshi na kuuawa Afghanistan mwaka 2004 kwa risasi za upande wake mwenyewe, lilipotumiwa dhidi ya waliopiga goti, mjane wake alitoa ombi kwamba utumishi wa mumewe usifanywe chombo cha kuwagawa watu. Mwanajeshi hai na aliyekufa wote walikuwa wakisemewa na wengine.

HAKI, KANUNI NA MWAJIRI

Mahakama ya Juu ya Marekani ililikabili suala hili katikati ya vita. Mwaka 1940 ilikubali watoto wa Mashahidi wa Yehova wafukuzwe shule kwa kukataa kuisalimu bendera. Miaka mitatu tu baadaye, tarehe 14 Juni 1943, wakati askari wa nchi hiyo walikuwa wakifa katika mabara mawili, ilijigeuza na kuamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumlazimisha raia kutamka au kuonyesha imani asiyokuwa nayo. Kanuni za bendera nazo zinaeleza linalopasa, lakini hazimwekei adhabu raia asiyesimama. Hata hivyo ulinzi huo ni dhidi ya serikali. Mwajiri ana kanuni zake, na mchezaji wa kulipwa ni mwajiriwa. Kaepernick hakupata timu tena tangu mwezi wa Machi 2017. Madai yake kwamba wenye timu walikula njama dhidi yake yalimalizwa kwa mapatano mwezi wa Februari 2019. Mwezi wa Mei 2018 wenye timu walipitisha kanuni ya kuwalazimisha walio uwanjani kusimama au wabaki ndani, wakaisimamisha miezi miwili baadaye. Mwezi wa Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, mkuu wa ligi hiyo alikiri hadharani kwamba walikosea kutowasikiliza wachezaji. Hakumtaja Kaepernick kwa jina.

HITIMISHO

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba fundo linalouunganisha wimbo wa taifa na mwanajeshi katika viwanja vya Marekani lina historia inayoweza kutajwa kwa tarehe: 1918, 1942, 1945, 2001, 2009. Kulijua hilo hakuwaondolei haki wale walioumia. Maana iliyojengwa na historia ni maana ya kweli, kama neno lililokopwa juzi lilivyo neno la kweli kwa mtoto aliyelikuta katika kinywa cha mama yake. Aliyefiwa akasikia wimbo ule, akaona mtu amepiga goti, akahisi kwamba marehemu wake ametupwa, hakuwa akiigiza.

Lakini yeye si mrithi wa pekee wa wimbo huo. Sajini Woodard alikuwa na haki juu yake, na Luteni Robinson, na mamia ya maelfu waliotengwa katika kambi za mwaka 1918 wakati Fred Thomas alipokuwa akipiga saluti Chicago. Wanamichezo waliokataa kusimama waliuliza kama ahadi iliyomo katika wimbo iliwahusu wao pia. Wengi waliojibu walizungumza juu ya heshima ya mwanajeshi, na kwa njia hiyo swali lilibaki bila ya jibu. Hapa ndipo jina la mwanajeshi lilipotumika vibaya: halikutumiwa kumheshimu, lilitumiwa kufunga mazungumzo.

Boyer hakulitumia hivyo. Aliudhika, akaandika, akasafiri kwenda kusikiliza, kisha akasimama wima karibu na mtu aliyepiga goti. Hakuna katika wawili hao aliyeiacha ishara yake, wala hakuna aliyemtaka mwenzake aiache yake.